Waasi wa Kolito na Eda ya Bi Mwanakheri

Benchi la Tottenham, ughaibuni kwa Waingereza, mwaka wa sabini na tisa, liko nje ya duka la Alnashir, birika la kahawa juu ya kreti la soda. Jotham wanamwita Brigedia kwa koti lake la jeshi la mtumba. Hajapata kushika hata manati. Chaman, aliyeuza vitambaa Kariakoo, ndiye Bibisii, mleta habari wa baraza. Leo wameamsha lile la askari wa kambi ya Kolito, walioasi Dar es Salaam mwaka wa sitini na nne, wiki moja baada ya Sultani kukimbia Unguja, wakazimwa na makomando wa Kiingereza. Alnashir roho juu! Ndani ya duka Bi Mwanakheri anachagua choroko, na mumewe alikuwa askari wa Kolito. Tangu asubuhi ya maasi mume huyo hajaonekana.

— Walitaka mshahara tu, — alisema Chaman. — Waliona mfalme kaanguka, wakajua kumbe inawezekana.

— Mshahara wapi! — Brigedia akaruka. — Ule mkono wa Mrusi! Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana helikopta zilipotua wakalala kifudifudi!

— Wee, punguza sauti, — Alnashir akanong'ona. — Kuna mteja.

— Na asikie historia! Nyambizi ilikuwa inangoja Kigamboni.

Chaman naye hakukubali kushindwa.

— Nyambizi kitu gani? Hakufa hata mmoja! Walipakiwa, wakapelekwa kisiwa cha mbali. Wanafuga kuku mpaka leo.

— Na wameoa tena! — akaongeza Brigedia.

Alnashir alitamani ardhi ipasuke immeze. Bi Mwanakheri alikuwa amesimama mlangoni, choroko mkononi.

— Shikamoo, bibi, — Brigedia akainuka.

— Marahaba, baba. Mume wangu ni Koplo Shomvi, wa Kolito. Sikuletewa maiti wala kauli, ndiyo maana mpaka leo sijakaa eda. Nyie ndio mnaojua. Niambieni basi: nikae eda, au nimngoje?

Chaman akakodolea macho kikombe chake. Alnashir akammiminia bibi kahawa, kwa aibu ya maneno ambayo hata si yake.

— Hao wenye kuku, — bibi akamgeukia Chaman. — Shomvi kuku hali, humvimbisha midomo. Ulimwona kweli?

— Bibi… nilisikia tu.

— Haya. Kama ni kusikia tu, basi nitamngoja.

Akaenda zake, kahawa hakuigusa. Brigedia akavua lile koti, na baridi yote ile, akalikunja mapajani. Alnashir akamwaga chini kahawa iliyobaki birikani, na hakuna aliyedai nyingine.