Kibuyu cha Samli na Protini ya Fabiola

Wasikilizaji wapendwa, habari za huko mliko, Katesh, Endasak, Maretadu, Dongobesh. Kama chai iko jikoni, ipunguzie moto usogee. Leo tunamkumbuka Fabiola Bura, mtafiti wa magonjwa ya mifugo, mtoto wa Endasak. Ametutoka Jumanne iliyopita akiwa na miaka arobaini na mmoja. Amekufa akingoja jibu.

Jibu gani? Twende taratibu.

Fabiola akiwa darasa la sita, ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, ilimaliza ndama sita wa baba yake kwenye masika moja. Alipokua akasomea maabara. Alitaka kipimo cha ndigana ambacho mfugaji atakitumia zizini kwake. Kipimo kilitegemea protini moja iliyoko kwenye utando wa kijidudu cha ndigana. Na utando, wasikilizaji, ni kama ngozi nyembamba ya mafuta. Protini ile inaishi ndani ya mafuta. Narudia, ndani ya mafuta.

Shida ikawa joto. Kutoka maabara ya Katesh mpaka Endasak kwa pikipiki, bila barafu, protini iliharibika, ikaganda kama ute wa yai kwenye kikaango. Miaka minne! Kila mara Fabiola alidhani ni uchafu unaoiharibu, akaongeza sabuni ya maabara, akaiosha tena.

Krismasi iliyopita alirudi nyumbani. Akaona kibuyu cha samli cha mama yake kimenata mafuta ya miaka. Jamani, mtoto wa bweni huyu! Akakisugua kwa sabuni na maji ya moto, akakianika karibu na jiko. Kikapasuka, paa!

"Nilimfokea," anasema mama yake, Bibi Paskalina. "Nikamwambia, wewe, umesoma mpaka umepitiliza? Kibuyu cha samli hakioshwi! Mafuta yake ndiyo yanakishika kwenye joto. Akabaki ameshika vipande, ananiambia, mama, nimeiosha miaka minne."

Akarudi maabara mbio. Safari hii protini aliiosha kidogo tu, mafuta yakabaki yameizunguka. Akaweka vichupa viwili kwenye maji ya moto. Protini iliyooshwa sana iliganda. Yenye mafuta yake ilitulia. Mara ya kwanza hivyo, mara ya pili hivyo. Lakini alijiwekea sharti la mara tatu, na kabla ya mara ya tatu figo zikamlaza hospitali.

"Hakuogopa kufa kama alivyoogopa bahati," anasema mdogo wake, Violeth. "Hakulala. Ananiuliza, je, kama zile mbili zilikuwa bahati tu? Mpigie Nurdin. Nampigia. Dakika kumi, mpigie tena."

Nurdin Zubery ni fundi wa maabara, kijana wa Katesh, ndiye aliyeachiwa mara ya tatu. Jumanne asubuhi alipiga yeye. "Dada, yenye mafuta haijaganda!"

Violeth akapiga kigelegele palepale wodini. Fabiola akamnyamazisha kwa mkono. "Na iliyooshwa?"

Nurdin anakiri alitamani kudanganya. Kusema imeganda kulikuwa rahisi mno, na mgonjwa angefurahi. Lakini bila kichupa cha kulinganisha, nani angejua kama maji yalikuwa na joto la kutosha?

"Sikuiweka, dada. Nilikuwa na haraka, nikasahau."

Fabiola akajibu. "Afadhali umesema. Rudia. Nangoja."

Nurdin akarudia. Saa nane mchana alipopiga tena, Violeth alipokea simu, akamwambia dada ameshatutoka.

Ijumaa, mazishini Endasak, Nurdin alifika kwa pikipiki na vichupa viwili mfukoni, bila barafu. "Shikamoo, mama." Akavitoa. Kimoja cheupe kama mtindi, kingine maji safi kabisa.

"Marahaba, mwanangu." Bibi Paskalina alikiinua kile safi juani. "Hii ndiyo mmeiachia mafuta yake?"

"Ndiyo, mama. Mara ya tatu."

Akakifunga kwenye pindo la kanga yake, ndipo akalia.

Pole sana, Bibi Paskalina. Pole, Violeth. Pole, Nurdin, na ukoo wote wa Bura. Mungu ampumzishe Fabiola, maana amengoja vya kutosha. Na wewe unayenisikiliza, yupo mtu anayengoja jibu lako leo. Mpigie. Kama ni bado, mwambie bado, halafu rudi kazini. Mpigie sasa hivi, chai itasubiri.