Fimbo ya Doto Iliyopinda kwenye Picha

Benchi liko mbele ya karakana ya baiskeli, jirani na stesheni ya Tabora. Asubuhi hiyo Doto alikaa katikati, fimbo ya gofu mapajani. Jioni angepanda treni kwenda Dar es Salaam kwenye mchujo wa timu, na fimbo ndefu anayo hiyo moja, aliyoachiwa na daktari aliyehama. Jana rafiki yake alimpiga picha kwa simu akiwa katikati ya pigo, na mpini wa chuma ukaonekana umepinda kama upinde. Doto hakulala. Mpini ukimkatikia huko, ndiyo basi tena.

— Chuma kikipinda kimechoka, — alisema Revocatus, mwenye karakana. Kijiweni anaitwa Injinia kwa sababu ana mashine ya kuchomelea. — Tunapenyeza nondo humo ndani, tunachomelea. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

— Mwana gani hapo, Injinia? — aliuliza Doto.

— Fimbo.

Mzee Hilari, mstaafu wa reli, alipuliza kahawa yake.

— Hilo joto tu. Reli pale Igalula ilikuwa inapinda jua likiwaka, naiona kwa macho yangu. Piga asubuhi, kijana.

— Mzee wangu, saa wanapanga wenye mchujo.

— Basi imwagie maji.

Bundala wa bajaji, aliyekaa pembeni, akanyakua simu ya Doto yenye ile picha.

— Oya, sikilizeni. Kichwa cha fimbo si kizito? Doto akivuta mikono, kichwa kinagoma kule nyuma. Mpini uko katikati, ufanyeje? Unapinda.

— Hapo umesema, — alisema Doto. Ndivyo mikono yake ilivyohisi siku zote.

— Sijamaliza. Kosa ni lako. Una nguvu za kulimia, unampigia nani hivyo? Piga taratibu. Aliye juu mngoje chini.

— Nikipiga taratibu mpira hauendi, kaka.

— Mnasahau dunia inazunguka, — alisema Mzee Hilari. — Ukipiga kuelekea Kigoma unashindana nayo. Ndiyo maana kwenda Kigoma kunachosha kuliko kurudi.

Injinia alikwisha kuwasha mashine. Nondo ilikuwa mkononi.

— Lete, mwanangu. Treni haikungoji.

Doto akampa fimbo, lakini vidole vyake havikuiachia.

Mama Minza akafika akikokota baiskeli yenye pancha.

— Shikamoo, mzee. Habari zenu, vijana.

— Marahaba, mama, — alisema Mzee Hilari.

— Njoo uone chuma kilivyochoka, — alisema Injinia.

Akaitazama picha. Akaitazama fimbo, iliyokuwa imeshikwa huku na huku.

— Ya kwenye picha ndiyo hii?

— Ndiyo hiyo hiyo.

— Sasa nani kainyoosha?

Injinia akamtazama Mzee Hilari. Mzee Hilari akatazama ndani ya kikombe. Bundala akaikuza picha kwa vidole, kisha akairudisha ilivyokuwa.

Doto akaivuta fimbo yake, akafumba jicho moja, akauchungulia mpini kuanzia juu hadi chini. Ulikuwa umenyooka kama uzi.

— Injinia, — alisema, — zima mashine. Mzibie mama pancha.