Hodi ya Tatu

Sogeeni, wanangu, lakini msisogee sana. Simameni pale kwenye kivuli cha tangi la maji, na barakoa zenu ziacheni zilipo, maana nawajua kwa macho na kwa miguu, sihitaji kuona pua. Muuguzi amenikalisha hapa dirishani, amenifungulia kioo kimoja, akaniambia, mama, sema machache. Mimi na maneno machache hatukuwahi kuelewana, na baba yenu angekuwepo angewathibitishia hilo huku akicheka. Lakini leo pumzi ndiyo inayonipimia, kwa hiyo nikinyamaza msidhani nimemaliza.

Niwaambie kwanza habari ya vitu, kwa sababu vitu ni vyepesi. Nyumba hii mmezaliwa humu, isiuzwe wala isipigwe ukuta katikati. Chumba cha nyuma akae kitinda mimba, ambaye bado hajajijenga, na hivi viwili vya mbele viwe vya yeyote atakayerudi nyumbani akiwa amechoka. Ngazi iliyoegemea ukuta wa jikoni si yetu, ni ya jirani yetu fundi rangi. Baba yenu aliiazima, na kila siku ya kuirudisha akakumbuka kazi nyingine ya kupanda juu, basi irudisheni kabla hamjanizika, nisije nikaitwa mama mwenye ngazi ya watu. Na wifi yangu, shangazi yenu, ambaye tangu harusi yangu alitangaza kwamba chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe, mwambieni nimemsamehe kwa moyo mweupe, na kwamba ya kwake nayo haikuwa chai.

Koti la baba yenu, lile jekundu lenye vifungo vya shaba, ni lako wewe wa katikati. Usiinamishe kichwa. Nakumbuka ulivyokuwa ukilivaa utotoni, mikono imekufunika mpaka magotini, ukasimama kwenye kizingiti hiki na kumkaribisha kila apitaye, mpaka muuza mkaa akaingia akaketi, akatutoa jasho kumwambia kwamba ulikuwa mchezo wa mtoto. Nakupa koti hilo, ila lina sharti, na sharti lenyewe ndilo lililonitoa kitandani.

Sikilizeni vizuri sasa. Baba yenu alikuwa bawabu wa hoteli tangu ujana hadi mvi. Kazi yake ilikuwa moja, kufungua mlango, kuinama kidogo na kusema karibu. Alisema karibu kwa matajiri waliompita kama nguzo, akasema karibu akiwa na homa, akaisema hata siku aliyomzika mama yake, maana zamu ilikuwa yake. Neno hilo lilimwingia kwenye mifupa. Hata usingizini, mtu akigonga kwa jirani, yeye alijibu karibu. Ndipo ugonjwa huu ulipoingia mjini, na wewe wa katikati, kwa mapenzi yako, nalijua hilo, ukaleta kibao na rangi nyekundu, ukaandika HAPA HATUPOKEI WAGENI, ukakikaza getini kwa misumari sita wakati miwili ingetosha. Baba yenu alikisoma, akaingia ndani. Kisha akaniuliza, hivi watoto wangu nao ni wageni?

Dawa zake za presha zikaisha. Maduka yalikuwa yamefungwa, wewe ulikuwa umezuiliwa kusafiri, huyu mdogo alikuwa amejifungia kwake anaumwa. Dada yenu mkubwa akazitafuta, akazipata, akaja nazo kwa miguu kutoka kule hospitali anakofua mashuka. Hakuja kuingia. Alisoma kibao chako, akatundika mfuko getini, na akapiga hodi ili tu tujue kuna kitu kimefika. Mimi nilikuwa jikoni. Nilimsikia baba yenu akiinuka, nikasikia mlango, nikasikia karibu, ile ile ya hoteli, na nilipotoka nikamkuta ameinama kidogo, mkono umeelekea ndani, na machozi yanamtoka. Dada yenu alisogea mpaka mlangoni, lakini akakataa kuvuka kizingiti. Aliketi pale nje kwenye ngazi za barazani, baba yenu akaketi huku mlangoni, wakazungumza mpaka chai ikapoa. Siku hiyo baba yenu alikula akashiba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kibao kiwekwe.

Haukupita muda, kikohozi kikaanza. Yaliyofuata mnayajua.

Na pale makaburini, mbele ya wale watu wachache tulioruhusiwa, wewe wa katikati ulisema kikulacho ki nguoni mwako. Hukumtaja mtu. Lakini nani asiyejua dobi katika familia hii ni nani? Niliona dada yenu akizitazama nguo zake, akarudi nyuma, akageuka, akaondoka hata udongo haujatiwa. Tangu siku hiyo hajavuka geti. Huja, huacha matunda na sabuni juu ya ukuta, huondoka kimya kama mtu aliyeiba. Mimi mama yake nimekuwa nikimjua kwa viatu tu, ninapovitazama chini ya geti.

Mwanangu, sikukemei ili nikuumize. Ulikuwa na uchungu, na uchungu ukikosa pa kwenda humwendea aliye karibu. Lakini nijibu moyoni mwako. Baba yenu alikuwa akinitoroka kwa mlango wa nyuma kwenda kucheza karata na wastaafu wenzake, barakoa ameivaa kidevuni kama ndevu. Fundi alikuja kuziba tangi hilo mnaloliegemea. Wewe mwenyewe, kabla barabara hazijafungwa, uliingia mpaka jikoni kunibadilishia mtungi wa gesi. Simnyooshei mtu kidole, ninasema tu kwamba njia zilikuwa nyingi, nawe ukaifunga moja, ile ya dada yako. Na sasa ugonjwa umerudi mara ya pili, safari hii umenikuta mimi. Nani ameniletea? Dada yako hajaingia humu. Kibao bado kiko pale, misumari yote sita. Haya, nani?

Ngoja... ngoja nivute pumzi.

Baba yenu, siku ambayo sauti ilikuwa bado inatoka, alinishika mkono akaniambia neno moja, nami nalikabidhi kwenu kwa sababu ndilo urithi, hizi nyumba na makoti ni mizigo tu. Alisema, mama watoto, afadhali nilimjibu. Mnasikia? Hakujuta. Angenyamaza siku ile na akaishi, angeishi na hodi ya mwanawe isiyojibiwa, na mimi namjua, asingeiweza.

Basi shikeni haya. Kibao king'olewe leo, na ngazi ya watu ikitumika kwa hilo iwe mara ya mwisho. Mimi nikifa msinibebe bila wahudumu wenye mavazi ya kinga, msinibusu, msililie shuka langu. Hata dada yenu nisingemruhusu aje chumbani humu. Lakini karibu ya mtu si lazima iwe ya kuingia ndani. Uani panatosha. Ndugu wakipatana, chukua kapu ukavune, ndivyo walivyosema wakubwa, na mimi nataka kuyaona mavuno yangu yote yamesimama penye kivuli kimoja.

Mikono yangu haiwafikii, inameni hapo hapo mlipo. Mungu awape riziki isiyo na masimango. Awape watoto wa kuwasikiliza hata mkirefusha maneno kama mimi. Mkiitana, muitikiane. Amina... semeni amina, mimi nimechoka.

Na wewe, kifungua mimba wangu, viatu vyeupe nimeviona tangu nilipoanza. Umesikia yote. Usiweke matunda ukutani leo. Piga hodi, mwanangu, kama ulivyofunzwa.

Hiyo moja. Nimeisikia.

Hapana, msinitazame mimi. Mimi nikisema karibu leo, kesho itakuwa imezikwa. Lazima itoke... itoke kwa aliyebaki, mwenye koti; sharti ndilo hilo.

Hiyo ya pili. Sauti yake inatetemeka, au ni masikio yangu.

Wewe wa katikati. Baba. Mtu hupiga tatu, kisha huondoka.