Daftari la Makosa la Maalim Nyange

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Kama kuna mwalimu hapo nyumbani, mwambieni aache anachofanya asogee karibu na redio, maana leo tunamzungumzia mwenzake. Maalim Nyange Silima ametutoka Jumanne alfajiri. Maalim Nyange, mzaliwa wa Makoongwe, aliyekuwa mwalimu mkuu wa skuli ya Mtambile tangu mwaka thelathini na sita mpaka alipovuliwa cheo mwaka arubaini na tatu. Nimesema kuvuliwa. Sikusema kustaafu. Wapo walionishauri jambo hilo nilipite kimya kimya, kwa heshima ya marehemu. Nawajibu hapa hapa hewani: silipiti. Kama nina heshima ya kumpa, imo ndani ya jambo hilo hilo.

Tuanze Mtambile. Kijana wa Makoongwe, mtoto wa wavuvi, kaletwa katikati ya mikarafuu. Karafuu alikuwa akizijua kwa harufu tu. Ofisini alipewa ufunguo wa kabati, na ndani ya kabati mlikuwa na kitabu cha kuwaongoza walimu. Kimoja tu, wasikilizaji, kimoja kwa skuli nzima, tena cha Kiingereza, na kinaeleza namna ya kumfundisha mtoto kuhesabu kwa matufaha. Nani kaliona tufaha Mtambile? Maalim Nyange akajiona hodari, akayatoa matufaha akatia karafuu. Akauliza darasani: mtu ana pishi kumi za karafuu mbichi, kazianika juani siku nne, kisha kazianua zote, hata moja haikupotea. Anazo pishi ngapi?

Mtoto mmoja, Jecha, akanyosha mkono. "Hazifiki kumi, Maalim."

Maalim akamwambia afikiri tena. Jecha akafikiri tena. "Hazifiki kumi." Darasa zima likacheka, na Maalim akadhani anafanyiwa stihizai. Akamchapa bakora tatu.

Mlioko Pemba mmeshacheka, najua. Hakuna mtoto wa shamba asiyejua kuwa karafuu ikikauka hunywea. Aliyekuwa hajui ni mwalimu.

Siku ya pili akaja mama yake Jecha, Bi Mize. Mkono mmoja kashika pakacha la karafuu mbichi, mkono wa pili kifuko cha kavu. Maalim akamwamkia, hakuitikia. Akaviweka mezani.

"Tia mkono humu, Maalim. Haya, tia na humu. Umeona? Mwanangu kakwambia kweli, ukampiga. Weye wajua kitabu, siye twajua majamvi ya kuanikia. Sasa n'ambie, bakora zile nani azirudishe?"

Binti wa marehemu, Bi Kazija Nyange, ameniambia hivi: "Baba akitusimulia kisa hicho kila mwaka ukifika mchumo wa karafuu. Akifika pale pa bakora husema, 'Bi Mize alikuwa na haki, mwanangu. Nilisimama tu.'"

Lakini hakusimama sana. Jioni ile alinunua daftari dukani, na ukurasa wa kwanza akaandika jina lake kamili, na chini yake: "Nimempiga mtoto kwa kosa langu." Akaeleza lilivyotokea, na alivyopaswa kumuuliza mtoto kabla ya kushika bakora. Asubuhi akalisoma mbele ya darasa, akamtaka radhi Jecha.

Msaidizi wake, Maalim Nabhan, alikasirika vibaya. Huyu Nabhan ni mtoto wa watu wenye mashamba, kalelewa akijua nani hukaa mbele na nani hukaa nyuma. Akamfuata kibarazani. "Mwalimu mkuu humtaka radhi mtoto? Kesho watatupanda vichwani!"

"Na watupande," Maalim Nyange akasema. "Wakiwa huko juu wataijua hesabu." Akamtolea kalamu. "Haya, andika lako."

Maalim Nabhan alikaa wiki tatu bila kuandika. Wiki ya nne akaandika, na aliandika kurasa mbili.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa daftari la makosa. Sharti zake zilikuwa chache. Utaandika kosa lako, si la mwanafunzi. Utatia jina lako. Utaeleza ulichofanya baadaye. Na mwalimu mkuu ndiye ataanza, kila mwezi, kwa sababu alisema hawezi kumvua mtu mwengine nguo naye kajifunika gubigubi. Maalim Nyange alikuwa akimweka Nabhan nyuma ya darasa amwangalie anavyofundisha, kisha akimwambia: nihesabie nilipokosea. Mwalimu mkuu huyo. Mwaka thelathini na saba huo.

Habari zikaenea. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya sala, walimu walikutana Gombani, enzi hizo hakuna uwanja wa mpira, majani matupu. Wengine walikuja kwa miguu kutoka mbali. Walifika kumi na mmoja. Daftari likisomwa kwa sauti, na aliyeandika hukaa kimya mpaka wenzake wamalize kumshauri. Mmoja aliandika kuwa miaka miwili alimwita mtoto mjinga, kumbe mtoto hasikii sikio moja. Mwengine aliandika kuwa huwa anaogopa somo la ramani, akilifikia husingizia homa. Hamna kitabu cha kabatini kilichokuwa na mambo hayo. Walimu hawa walikuwa wakifundishana kazi, na skuli zao zilibadilika.

Sasa sikilizeni. Mwaka arubaini na tatu mkaguzi wa elimu akasikia. Jina lake nimelipata, na silitaji, hana nafasi katika kipindi changu. Akaandika barua: daftari lifike ofisini Chake Chake Jumatatu. Na akasema wazi kwa waliokuwepo: mwalimu anayekiri kwa mkono wake kuwa hajui kazi, hana haki ya kubaki kazini. Majina kumi na moja yamo mle. Watu kumi na moja, na watoto wao wanaowategemea.

Ijumaa wakakutana. Maalim Nabhan akasema, "Tulichomeni, yaishe."

"Nikilichoma nimekubali kuwa ni aibu," Maalim Nyange akajibu. "Na miye sikubali."

Bi Kazija anasema baba yake alitoa kisu cha mfukoni akakata uzi wa daftari. Mnajua khitma inavyosomwa: msahafu hugaiwa juzuu juzuu, kila mtu na yake, ukamalizika wote kwa kikao kimoja. Ndivyo alivyofanya. Kila mwalimu akapewa kurasa za mwenzake, azinakili bila jina. Wakainama kwenye majani mpaka alasiri ikaingia. Walipomaliza, kila mtu akarudishiwa karatasi yenye jina lake, afanye atakavyo. Nakala zikaenda katika skuli zao zote.

Jumatatu Maalim Nyange akaenda Chake peke yake. Mkaguzi akazitazama karatasi alizoletewa.

"Hizi ni zako peke yako."

"Ndizo zenye jina langu, bwana."

"Za wengine ziko wapi?"

"Ziko kazini."

Akatakiwa ataje majina, akakataa. Akaambiwa atapoteza cheo, akasema amesikia. Mwisho mkaguzi akamsukumia karatasi nyeupe: basi andika hapa kuwa hujui kazi, utie saini. Alitaraji mtu atalia. Maalim Nyange aliomba kalamu. Akaandika: "Mimi, Nyange Silima, nilikuwa sijui kazi. Nilimpiga mtoto aliyejua kuliko mimi." Akatia saini. Kisha akamsogezea mkaguzi karatasi na kalamu, akamwambia:

"Zamu yako, bwana."

Cheo kilikwenda siku ile ile. Barua ya ukuu akapewa Maalim Nabhan, na ilikusudiwa wagombane. Nabhan akaja nayo mpaka mlangoni kwa mwenzake. "Nikikataa wataleta mtu wao. Nikikubali nimekula haki yako. Nifanyeje?"

"Kubali," Maalim Nyange akasema. "Kisha uandike."

Nabhan akakubali. Ijumaa ya mwezi ule, Gombani, mwalimu mkuu mpya alianza kwa kusoma kosa lake: "Nimekaa kwenye kiti cha mwenzangu." Hakuna aliyemshauri kitu. Walimshika mkono mmoja mmoja. Na Maalim Nyange akafundisha darasa la kwanza, chini ya msaidizi wake wa zamani, mpaka miaka ya arubaini ikamalizika, na baada yake pia. Mkutano wa Gombani haukuvunjika hata mwezi mmoja.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa mkono wa pole kwa Bi Kazija, kwa ndugu zake, kwa watu wa Makoongwe na wa Mtambile. Mwenyezi Mungu amsamehe, ampokee kwa rehema zake, na nyinyi awape subira. Na wewe mwalimu uliyesogea karibu na redio, na wewe mkuu wa skuli hasa, kabla hujalala jiulize: ukipewa kalamu leo, utaandika nini? Utalisoma mbele ya nani?

Nina neno moja la mwisho. Karatasi ile aliyoitia saini mbele ya mkaguzi imo ofisini Chake Chake mpaka leo, kwenye jalada lake, na nje ya jalada pameandikwa: amevuliwa cheo kwa kutojua kazi. Wiki hii bwana mmoja wa ofisi, mtu mwema, alikwenda msibani akamwambia Bi Kazija kuwa wako tayari kuyafuta maneno hayo, marehemu asafishwe jina.

Bi Kazija alimjibu mbele za watu: "Yaacheni. Mkiyafuta, walimu watajifunza kwa nani?"