Dakika Arobaini za Mzee Bado

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa idara iliyomchoka na kwa ndugu aliowachelewesha, kwamba Mhandisi wa Maji ya Ardhini, msimamizi wa visima kumi na viwili ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvinywa, hatimaye ameinuka kutoka kwenye ndoo yake. Wengi mlimjua kwa jina la Mzee Bado. Ofisi ya mtaa iliwahi kuliandika hivyo kwenye barua rasmi, naye akaijibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi matofali na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Mama yake alikuwa akisema kwamba alichelewa kuzaliwa wiki mbili na tangu hapo hakuwahi kuzifidia.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1986 akahitimu uhandisi chuo kikuu. Alikuwa wa wastani katika kila somo isipokuwa kemia, ambako alikuwa msumbufu.

Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya wazazi. Alifika saa moja na nusu baada ya wageni, mikono ina grisi, kwa sababu pampu ya hospitali ilikuwa imekwama. Bibi harusi alipoulizwa na mawifi kama amekasirika, alijibu: "Nikianza leo, nitamaliza lini?"

Kazi iliyommaliza ilianza mwaka 1994. Iligundulika kwamba karakana ilikuwa imemwaga ardhini, kwa miaka thelathini, dawa ya kuondolea grisi. Haikuwa na rangi, na ilikuwa imetambaa chini kwa chini hadi visimani. Visima vikafungwa, naye akakabidhiwa. Alijenga mnara wa bati: maji yanavutwa juu, yanapulizwa hewa, sumu inaruka, maji yanarudi chini. Kila mwezi alipima. Kabla ya kujaza chupa ya maabara alipampu dakika arobaini, kwa kuwa maji yaliyolala kisimani sumu yake huwa imeshapotea hewani; ukiyapima hayo, umepima uongo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama saa, na wapita njia wakamchokoza.

"Mzee, vipi, yamepona?"

"Bado."

"Na mwakani?"

"Niulize mwakani."

Aya inayofuata marehemu aliagiza isomwe bila kupunguzwa neno. Jumamosi, tarehe 17 Oktoba 2009, binti yake wa kwanza alikuwa anapewa zawadi ya hesabu shuleni. Pale kwenye Kisima cha Saba marehemu alipampu dakika tano, akajaza chupa, akakimbia. Kwa mara ya kwanza maishani aliwahi. Alikaa safu ya pili akapiga makofi mpaka watu wakageuka. Maabara ikasema maji ni safi. Akatia saini, kisima kikafunguliwa, na kisima kilichofunguliwa hupimwa mara moja tu kwa mwaka. Watu wa nyuma ya karakana walikunywa miezi kumi na moja. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama yake, akiwaringia majirani: "Haya ni maji ya mwanangu." Septemba 2010 marehemu alipima tena, dakika arobaini kamili, akakifunga kwa mikono yake. Mama yake alifariki miaka mitatu baadaye kwa figo. Madaktari hawakusema ni maji. Hawakusema pia si maji.

Mwaka 2021 marehemu alistaafu, na mwezi huohuo akakutwa na saratani ya figo. Alhamisi ya tarehe 2 Machi mwaka huu, 2023, mkuu wa idara alimfuata wodini na faili: Kisima cha Saba kimeonekana safi, kinafunguliwa, mradi unafungwa.

"Ni saini ya heshima tu, Mzee wetu. Jina lako litakaa kwenye kibao."

"Mlipampu dakika ngapi?"

Mkuu akamtazama dereva aliyekuja naye. Dereva, mkweli kwa bahati mbaya, akasema: "Kama tatu hivi, Mzee. Injini ya gari hatukuizima hata."

Marehemu alirudisha kalamu. Wiki moja baadaye, Alhamisi tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi, alifariki, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka wawili, dada mmoja, na Kisima cha Saba, ambacho kitafunguliwa keshokutwa Jumatatu bila saini yake. Mkuu wa idara yupo safu ya mbele, na chupa yake ya maji ya dukani. Anaombwa awe wa kwanza kunywa.

Siku mbili kabla ya kifo, binti yake wa kwanza alimsomea rasimu ya wasifu huu. Habari ya ile siku ya zawadi alikuwa ameijua juzi tu, baba alipoamuru iandikwe, na alipofika hapo alianza upya mara mbili. Akafika mwisho: "Lala salama, baba yetu. Maji umeyasafisha, kazi umeimaliza."

Mgonjwa alifungua jicho moja.

"Bado. Futa hapo."