Uso wa Kaluki Katika Kamera ya Fundi Amin

Wasikilizaji wapendwa, leo nakaa hapa na moyo mzito. Fundi Amin Abubakar, mpiga picha wetu wa Kitui, hatunaye tena. Tulimzika juzi. Mtu mbishi, jameni, lakini tulimpenda.

Kamera yake mnaikumbuka. Lile sanduku la mbao lenye kona za shaba, lililoundwa Uingereza kabla yeye hajazaliwa. Unainamisha uso kwenye kofia ya ngozi iliyo juu ya sanduku, unamwona mtu mle ndani, maana kuna kioo kimelazwa mshazari. Ukifyatua, kioo kinaruka juu, tap! Mwanga unaenda moja kwa moja kwenye filamu.

Sasa sikilizeni. Mwaka wa 1968, kile kioo kilivunjika. Amin akakata kioo chake cha kunyolea, akakibandika mahali pake. Akajisifu wiki nzima.

Ndipo akaja Kaluki, mama kijana kutoka Zombe. Alikuwa anapelekwa Nairobi kupasuliwa. Bintiye, Nthenya, alikuwa na miaka miwili tu. Kaluki akamwambia, "Fundi, nisiporudi, huyu mtoto atanijuaje?"

Basi linaondoka saa nane. Saa nane kamili, wasikilizaji.

Amin akapiga. Akaingia chumba cha giza, akaisafisha ile filamu. Woi! Ukuta nyuma ya Kaluki umetoka vizuri, hadi nyufa zake. Uso wa Kaluki ni moshi mtupu. Na filamu imebaki moja.

Mjane wa Fundi, Mama Sauda, aliniambia: "Alishika kichwa. Mara akaruka. 'Mama Sauda, mimi mjinga! Kioo cha kunyolea kinang'aa mgongoni!'"

Ndiyo hivyo. Kioo cha kamera hung'aa mbele. Hiki cha nyumbani hung'aa nyuma ya glasi. Unene ule mdogo wa glasi ndio uliomdanganya: kiooni aliuona uso uko sawa, kumbe lenzi imelenga ukuta.

Akaking'oa. Akaanza kufuta rangi ya mgongoni kwa pamba na spiriti, taratibu, maana akikosea kidogo mng'ao wote unatoka. Nje basi likapiga honi. Utingo akaita. Kaluki akakataa kupanda, machozi yanamtoka.

"Nikamwambia, Baba, wanaondoka!" anasema Mama Sauda. "Akanijibu, 'Basi wanikanyage!' Huku anaendelea kufuta."

Akakigeuza kioo, mgongo ukawa mbele, akakibandika tena. Akainama. Akafyatua. Kaluki akakimbilia basi bila kuiona picha.

Kaluki hakurudi. Alifariki siku ya tatu.

Amin aliipeleka picha Zombe mwenyewe. Imetoka safi, kila kope. Juzi Nthenya alikuja mazishini, sasa ni mwalimu, na mama wa watoto wawili. Akaniambia, "Mama simkumbuki hata kidogo. Lakini kifungua mimba wangu akinuna, ule mkunjo wa kwenye paji la uso ni ule ule wa mama kwenye picha ya Fundi. Namwambia, nuna tena kidogo."

Mama Sauda na watoto, poleni sana. Mungu amrehemu Fundi. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tunamharakisha aondoke kabla hatujamtazama vizuri?