Salamu ya Kiwiko

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, Mama Taratibu atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya meno. Siku hiyo hiyo atakabidhi ufunguo wa chumba cha mwisho kwenye korido. Umri wake wa kustaafu haujafika. Anaondoka mapema, na hakuna kati yetu anayejifanya kufurahi.

Alianza kwa kuosha vyombo vya tiba, akaenda kusoma, akarudi akiwa mtabibu wa meno. Wengi wetu tulikimbilia kung'oa na kuziba. Yeye alichagua fizi, tena fizi za watu wenye baridi yabisi, wale waliovimba viungo na kupinda vidole. Mswaki hawaushiki sawasawa, ukoga unajijenga, fizi zinavuja damu na usaha. Hakumwahidi yeyote kwamba kusafishwa fizi kutamponya mikono. Alisema tu kwamba mwili wenye maradhi ya kutosha hauhitaji kuongezewa usaha.

Jina la Mama Taratibu alipewa na wagonjwa. Kabla ya kugusa jino aliulizia dawa za viungo wanazotumia, akapanga mito chini ya shingo na magoti, kisha akakwangua ukoga sehemu ndogo tu na kumwacha mgonjwa apumzishe taya. Foleni ilinung'unika hadi nje. Daktari mkuu alimtania kwamba akipewa kinywa cha mamba atastaafu kabla hajafika kwenye magego. Alicheka, akaendelea na mwendo wake.

Fundi cherehani mmoja aliletwa ang'olewe meno yote ya mbele kwa kuwa yalikuwa yakicheza. Mama Taratibu aliomba apewe muda. Alimzungushia mpini wa mswaki sponji na vipande vya tyubu ya baiskeli hadi ukajaa kiganjani, akawa anamsafisha fizi wiki baada ya wiki. Meno yalishika. Sindano fundi hakuishika tena. Mpaka leo akija hutabasamu kwa meno yake mwenyewe, kisha huuliza kama kuna anayehitaji cherehani iliyotunzwa vizuri.

Halafu kuna ile salamu yake. Mwenye baridi yabisi akibanwa mkono, machozi humtoka. Kwa hiyo Mama Taratibu aliwashika wagonjwa juu ya kiwiko, kwa upole, na akatulazimisha nasi tufanye hivyo. Mwaka jana akaanza kutusalimu hivyo hata sisi wafanyakazi wenzake. Tulimcheka, tukasema kazi imemwingia kichwani. Kliniki nzima ya watu wanaoujua ugonjwa huu, na hakuna aliyeshtuka. Inauma kuliandika hilo.

Tulijua siku kifaa cha kukwangulia kilipomponyoka na kuanguka kifuani mwa mgonjwa. Alikiokota kwa viganja viwili, akaniita.

"Njoo umalizie, mwanangu," alisema. "Vidole vimegoma."

Nilichukua kifaa safi, nikamalizia. Yeye alibaki pale pale, mkono wake begani mwa mgonjwa, hadi mwisho. Jioni binti yake alikuja kumfunga vifungo vya koti bila kuambiwa, na hapo tukaelewa kwamba nyumbani kwao ilikuwa habari ya zamani.

Mama Taratibu, asante kwa kila fizi uliyoiokoa na kwa subira uliyotufunza tukiwa hatuitaki. Tutaendelea kukuona, safari hii ukiwa umelala kwenye kiti. Mito iko tayari, na ukinung'unikia mwendo wangu, kumbuka ni nani aliyenifundisha. Tunakuombea asubuhi nyingi ambazo vidole vitakunjuka bila kubembelezwa.

Kwa wageni wetu: ratiba inasema kwamba baada ya hotuba tutapanga mstari kumpa mstaafu mkono wa kwaheri. Ilichapwa kwa mazoea. Tafadhali, msimpe mkono. Mshikeni juu ya kiwiko, kwa upole, kama alivyotufundisha.